Uhai Usio na Sura: Biolojia katika Uchoraji wa Dhahania

Uchoraji wa dhahania unaochota maumbo yake kwenye biolojia hauchori mnyama wala mmea mzima. Huchora yanayotendeka ndani yao: seli inayogawanyika, kiinitete kinachojikunja, kuvu inayotambaa, utando unaovimba. Mtazamaji haoni kiumbe anayeweza kumtaja kwa jina, ila anahisi kwamba kilicho mbele yake kinakua.

Mlango huu ulifunguliwa na hadubini. Kati ya 1899 na 1904, mwanabiolojia Mjerumani Ernst Haeckel alichapisha kurasa 100 za michoro ya viumbe, wakiwemo vidubwana wa baharini wasioonekana kwa macho matupu. Ilikuwa michoro ya kisayansi, si ya dhahania, lakini iliwafunulia wasanii kwamba maumbo ya ajabu kuliko yote waliyoweza kubuni tayari yamo katika maumbile.

Mfano mzito zaidi wa somo hilo ni Wassily Kandinsky, Mrusi aliyezaliwa Moscow mwaka 1866. Alipokuwa akifundisha shule ya Bauhaus, Ujerumani, kuanzia 1922, kazi zake zilitawaliwa na duara, pembetatu na mistari iliyonyooka. Mwaka 1933 shule ikafungwa kwa shinikizo la Wanazi, naye akahamia Neuilly-sur-Seine, kando ya Paris. Huko mkono wake ukabadilika. Pembe kali zikalegea, na mahali pake wakaingia amiba, viinitete, mabuu na viumbe wa baharini, baadhi yao wakitokana na vielelezo vya vitabu vya sayansi. Hakuvinakili vilivyo. Aliyanyoosha maumbo, akayapaka rangi yasizopewa na maumbile, akayaondoa mahali pake.

Tazama "Bleu de ciel" ya Machi 1940, yenye kimo cha sentimita 100 na upana wa 73. Juu ya buluu nyepesi vimetapakaa vijiumbe vya rangi nyingi: kimoja kinamkumbusha mtu kasa, kingine ndege, vingine havishiki sura yoyote. Hapana ardhi, hapana kivuli, wala hakuna kinachomgusa mwenzake. Kwa hiyo ukubwa wao haujulikani. Huenda wamo ndani ya tone la maji, huenda wamejaa anga zima. Hapo ndipo ulipo ustadi wa picha hii: imeteka hali ya kuelea ya uhai mchanga bila kuchora kiumbe hata mmoja wa kweli.

Kandinsky alifariki Desemba 1944, lakini njia yenyewe haikufungika. Katika miaka ya 1980 Mmarekani Terry Winters, aliyezaliwa 1949, alijenga picha zake kwa spora, seli na fuwele, kwa rangi nzito zenye weusi wa udongo. Kwake uhai hauelei tena. Unachipua kutoka ndani ya rangi yenyewe.

Anayekutana na picha za namna hii asiulize kwanza ni mnyama gani. Aangalie ni nini kinachogawanyika, kinachovimba au kinachoungana.