Mlango wa banda la gari si wa kufanyia utani!

Leo naomba tuweke kando kidogo mambo ya mapenzi na mitindo ya nywele, tuongelee mlango. Naam, mlango! Usicheke. Wala siyo ule wa mbele uliochongwa maua. Nasema ule wa ubavuni, unaotoka jikoni kwenda kwenye banda la gari. Wenye majumba yao wanaliita gereji, ingawa kwa sisi watu wa Dar ukitaja gereji mtu anawaza mafundi wenye ovaroli za grisi.

Mlango huu katika nyumba nyingi ni yatima. Hela yote inaishia mbele: mninga, vanishi inayong'aa, grili ya nguvu. Ikifika zamu ya mlango wa banda, mwenye nyumba keshakauka mfukoni, anaweka wowote ule bora liende.

Ndivyo ilivyokuwa kwa shemeji yangu kule Mbezi. Mlango wake ulikuwa vipande viwili vya plaiwudi vilivyobandikwa kwenye mbao nyembamba, katikati utupu. Ukiugonga unalia kama ngoma. Chini ulikuwa umevimba kwa maji ya kuoshea gari, na uwazi uliobaki mjusi anapita bila kuinama. Humo bandani ndimo ilimokaa jenereta, kumbukumbu ya mgao wa umeme wa mwaka 2006 na ule wa 2011. Dada akawa analalamika kwamba ikiwashwa, harufu inafika hadi chumba cha watoto. Nikamwambia, "Shemeji, hapa tusisubiri mwisho wa mwezi."

Kwa nini niliharakisha hivyo? Kwa sababu mlango huu unapambana na maadui watatu kwa mpigo.

Wa kwanza ni mwizi. Akishaingia bandani na kurudishia geti, nani atamwona? Ana kivuli, ana muda wa kutosha, na vifaa umemwekea mwenyewe: nyundo, jeki na spana. Plaiwudi kwake ni teke moja tu.

Wa pili ni moto. Bandani kuna petroli, oili, rangi na tina. Kanuni za ujenzi wa nyumba zinazofuatwa sehemu kubwa ya Marekani zinataka mlango huu uwe wa mbao nzito isiyo na utupu, unene usiopungua kama milimita 35, au uwe umepimwa kuhimili moto kwa dakika 20. Tena ujifunge wenyewe. Na banda la gari haliruhusiwi kabisa kufungukia moja kwa moja chumba cha kulala. Dakika 20 unaweza kuziona chache, lakini zinatosha kuamsha watoto na kutoka nje.

Wa tatu ndiye mbaya zaidi, maana haonekani. Gari na jenereta vinatoa hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Ile harufu ya moshi unayoisikia ni ya vitu vingine. Hii yenyewe inakuletea kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu. Wewe unadhani ni malaria, unajilaza kidogo, na ndiyo basi tena.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Jumamosi moja tulianzia Keko kwa maseremala, tukachukua mlango wa mninga uliokauka vizuri. Sikiliza hapo: uliokauka! Mbao mbichi ikishafungwa inapinda, na baada ya miezi michache mlango haufungi.

Fundi alipima tundu la ukutani juu, katikati na chini, kwa sababu kuta zetu nyingi hazijanyooka. Akang'oa fremu ya zamani iliyoliwa na mchwa, akasimamisha mpya kwa timazi, akaibana kwa kabari, kisha akaifunga ukutani kwa vyuma na saruji. Tukaiacha ikauke. Fundi anayetaka kutundika mlango saa hiyo hiyo ili awahi mpira, mzuie.

Mlango mzito unataka bawaba tatu, siyo mbili, na skrubu ndefu zinazouma fremu sawasawa. Tuliuelekeza ufungukie jikoni. Ukifungukia bandani, pini za bawaba zinabaki upande wa mwizi, anazigonga na kuunyanyua mlango mzima, kitasa chako kikiwa kimefungwa vilevile!

Ukishatundikwa, ufungue nusu uuachie. Ukitulia hapo hapo, fremu imenyooka. Ukikimbia wenyewe, mwambie fundi arudie. Baada ya jaribio hilo ndipo tulipofunga springi ya kuurudisha wenyewe, tukabandika mpira kuzunguka fremu na mwingine chini kuziba uwazi. Mwisho, vanishi pande zote, hata ukingo wa juu na wa chini ambao mafundi wengi wanauruka kwa kuwa hauonekani. Huko ndiko maji yanakoingilia.

Kama bado unajenga, sakafu ya jikoni iwe juu kuliko ya bandani. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini ukitafuta pa kuingilia.

Shemeji alipoona mlango umekaa akafurahi, akasema, "Sasa jenereta inaweza kunguruma usiku kucha." Nikamkatalia palepale. Hakuna mlango duniani unaohalalisha jenereta ndani ya banda, hata geti likiwa wazi. Mahali pake ni nje, mbali na madirisha. Na gari likiwashwa, litolewe, lisiachwe humo likiunguruma ati linapata moto. Dada aliitikia kwa sauti kuliko mimi, na jioni ile jenereta ikahamia uani, nyuma kabisa.

Najua kuna kijana anasema, "Mimi nimepanga, gari lenyewe sina." Sawa, lakini kesho utatafuta nyumba, na mwenye nyumba atataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Kabla hujahesabu noti, nenda kwenye mlango wa banda. Ugonge kwa vidole: ukilia kama ngoma, shtuka. Inama utazame chini yake: ukiona mwanga, moshi nao utapita. Halafu uachie uone kama unajifunga. Na ukishahamia, usije ukauwekea tofali eti upepo uingie, ukaharibu kazi yote.

Baada ya hapo ndipo usifie vigae vya bafuni. Wiki njema!