Mchezo wa mezani usio na mshindi: ulivyogunduliwa, na kwa nini ukanda wa shaba si mgeni kwake

Kolwezi inaijua michezo ya mezani: dame ya vifuniko vya chupa, ludo, karata. Yote ina mshindi na mshindwa, na mara nyingi kuna franga juu ya meza. Lakini upo mchezo mwingine, ambao wasemao Kifaransa huuita jeu de rôle. Huo hauna mshindi.

Watu wanne au watano huketi pamoja. Kila mmoja huchagua mtu wa kuwa: askari, mganga, mwizi, mfanyabiashara. Mmoja wao ni msimulizi. Anasema: “Mko mbele ya shimo, chini mnasikia maji. Mnafanya nini?” Kila mchezaji hujibu kwa kinywa cha mtu wake. Likija jambo la mashaka, dadu huamua.

Ulivyoanza

Mchezo huu uligunduliwa karibu kwa bahati. Mwishoni mwa miaka ya 1960, katika jimbo la Minnesota, Marekani, David Wesely aliwaandalia rafiki zake mchezo wa vita wa mezani katika mji wa kubuni, Braunstein. Safari hii hakuwapa majeshi tu. Mmoja alikuwa meya, mwingine mwenye benki, mwingine mkuu wa chuo kikuu. Kabla vita haijaanza, wachezaji walikwisha kunong’onezana, kupatana na kudanganyana, na wawili wakataka kupigana wao kwa wao. Wesely aliona mchezo umeharibika. Wenzake wakamwomba aurudie.

Mmoja wao, Dave Arneson, aliuendeleza, kisha akamwonyesha Gary Gygax wa Lake Geneva, Wisconsin. Mwaka 1974 wawili hao walitoa Dungeons & Dragons: kasha lenye vitabu vidogo vitatu, nakala 1.000 za kwanza. Kanuni zake zilikuwa ngumu kuzielewa kwa kusoma tu. Wengi waliujua kwa sababu rafiki aliwaita, wakaketi, wakacheza.

Huku kwetu

Kuchukua nafasi ya mtu mwingine si jambo geni katika ukanda wa shaba. Ng’ambo ya mpaka, Luanshya, ilichezwa ngoma ya kalela, ambayo mtaalamu J. Clyde Mitchell aliiandikia kitabu mwaka 1956. Ndani yake mlikuwa na “mfalme”, “daktari” na “muuguzi” aliyevaa nguo nyeupe.

Lubumbashi nako kulikuwa na kundi la Mufwankolo, jina la jukwaani la Odilon Kyembe Kaswili. Michezo yao ya Kiswahili haikuandikwa. Wachezaji walipatana juu ya hadithi, wakagawana nafasi, na maneno yakaja palepale. Mwaka 1986 Johannes Fabian aliwafuata wakitengeneza mchezo kutokana na msemo “le pouvoir se mange entier”, yaani utawala huliwa mzima. Kwanza walibishana juu ya maana yake, ndipo wakaucheza. Tofauti na meza ni moja: mezani hakuna watazamaji. Kila aliyepo anacheza.

Hofu ya wazazi

Miaka ya 1980, wazazi na makanisa kadhaa ya Marekani waliushtaki mchezo huu kuwa ni mlango wa uchawi, kwa sababu hadithi zake zina wachawi na mashetani. Kwetu neno hilo ni zito. Mtoto anaweza kufukuzwa nyumbani kwa sababu yake. Basi mzazi aketi mezani kwanza, asikilize. Wala hadithi hailazimiki kuwa na mchawi hata mmoja.

Kuanza hakuhitaji umeme wala intaneti. Karatasi, kalamu na dadu za ludo zinatosha. Hadithi iwe ya hapa: shimo limebomoka usiku, watu watatu wako chini, na mvua inakuja. Mmoja awe mchimbaji, mwingine mkuu wa koperative, mwingine polisi, mwingine mnunuzi wa depo mwenye mizani.

Kisha wabadilishane. Kijana ambaye kila siku huambiwa mawe yake hayana kobalti ya kutosha ashike yeye mizani, na atafute jibu la kumpa mchimbaji aliye mbele yake. Anayecheza mnunuzi leo, kesho ataingia shimoni.