Jiwe haliungui, lakini kilicho nyuma yake huungua

Ukipita Nyali, Mtwapa, Kilifi hadi Watamu utaona fasheni iliyoshika: nyumba kuvishwa mawe. Vibao vya mawe ya Mazeras na ya Galana, ambavyo tulizoea kuvikanyaga uani, sasa vimepanda ukutani. Kutoka nje vimeingia sebuleni, na sasa vimefika jikoni: nyuma ya jiko la gesi, kando ya meko ya makaa, na kwenye vibanda vya kuchomea nyama na kuokea pitsa katika nyumba za wageni. Wenzetu wanaojenga bara, kule Limuru na Nyahururu ambako baridi haina mzaha, huyazungushia mahali pa kuotea moto.

Muulize mwenye nyumba kama amejihadhari na moto, naye atakujibu: "Si mawe haya? Jiwe litaungua vipi?" Jibu hilo ni kweli nusu. Nusu iliyobaki ndiyo inayoteketeza nyumba.

Ni kweli jiwe haliwaki. Lakini jiwe hupitisha joto. Kibao cha sentimita 2 au 3 kikipigwa na joto la jiko kutwa kucha, joto hilo hupenya hadi nyuma. Kama nyuma pana ukuta wa bloku au wa matumbawe, hapana neno. Kama pana ubao, plaiwudi au boriti, hapo pana jambo. Mbao kwa kawaida hushika moto zikifika joto la nyuzi 250 hadi 300 hivi. Zikipashwa joto la chini ya hapo kwa miezi na miaka, hukauka na kugeuka taratibu kuwa kama makaa, na zikishafika hali hiyo hushika moto kwa joto dogo zaidi. Kwa hivyo mtu asijitape kwamba jiko lake lina miaka mitatu na halijamletea balaa. Huenda miaka hiyo mitatu ndiyo inayoliandaa balaa.

Marekani, ambako majiko ya kuni ya ndani ni mengi, wana kanuni iitwayo NFPA 211. Jiko la kuni ambalo halina maelekezo yake maalumu hukaa sentimita 91 kutoka kitu chochote kinachoweza kuungua. Mawe yaliyobandikwa moja kwa moja juu ya ubao hayapunguzi umbali huo, kwa sababu ubao bado upo na joto linaufikia. Ukijenga ukuta wa matofali wa unene wa karibu sentimita 9 mbele ya ubao, unaweza kusogeza jiko hadi sentimita 61. Ukiacha na nafasi ya sentimita 2.5 kati ya ukuta huo na ubao, wazi chini na juu ili hewa ipite, umbali hushuka hadi sentimita 30. Hewa ikipita huondoka na joto. Sisi watu wa pwani tunaijua siri hiyo. Ndiyo maana nyumba za zamani zilijengwa kwa kufuata upepo.

Jambo la pili ni aina ya jiwe. Wazee wetu walipanga mawe ya matumbawe juu ya magogo kwenye tanuu, wakayachoma, yakawa chokaa. Basi usishangae jiwe la matumbawe linaloguswa na makaa kila siku likianza kubabuka na kutoa unga. Jiwe la Mazeras nalo ni la mchanga, na mchanga wake una kwazi. Kwazi hutanuka ghafla likifika nyuzi 573, na jiwe hupasuka. Ukutani kando ya jiko la kupikia joto halifiki huko, lakini ndani ya tanuri la kuni linaweza kufika. Kwa hivyo mawe ya urembo yakae nje ya tanuri, na panapoguswa na moto patiwe matofali ya kuhimili moto. Jihadhari pia na mawe yaliyookotwa mtoni au ufukweni. Yamenyonya maji, na yakipashwa moto haraka maji hugeuka mvuke, jiwe likaruka vipande. Jicho halina spea.

La tatu ni gundi. Gundi zilizochanganywa kwa plastiki hulainika zikipata joto, na kibao kikaachia. Kibao cha jiwe kinachoanguka kutoka usawa wa kichwa juu ya mtu anayekaanga viazi si mzaha. Karibu na jiko tumia mchanganyiko wa saruji, uuache ukomae siku 28, kisha uanze kwa moto mdogo. Vanishi ya kung'arisha mawe nayo isipakwe wala kukaushwa pakiwa na moto, maana mvuke wake huwaka.

La nne ndilo linalonitia hofu zaidi. Madukani kuna mbao nyembamba za plastiki zilizochapwa sura ya marumaru au ya mawe. Ni rahisi, ni nyepesi, na kwa mbali huwezi kuzitofautisha na jiwe. Nyingi ni za PVC, ambayo huanza kulainika joto likikaribia nyuzi 80. Maji yanayochemka yana nyuzi 100! Zikiungua hutoa moshi mkali wenye asidi unaochoma koo na mapafu. Nyingine ni povu gumu lililopakwa rangi, nalo huwaka upesi. Hizi zipeleke sebuleni ukipenda, lakini nyuma ya jiko hapana.

Na ukuta ukiwa salama, tazama juu. Tanuri la mawe mazuri chini ya paa la makuti ni kiberiti kilichopambwa. Bomba la moshi lipite mbali na makuti, au tanuri lijengewe mahali pake, nje ya paa.

Kabla ya kumlipa fundi, muulize haya: Nyuma ya mawe pana nini? Unabandika kwa nini? Jiko litakaa umbali gani? Na kama nyumba ishajengwa, gonga vibao kimoja kimoja kwa mpini wa mbao. Kinacholia kama debe tupu kimeachia. Jiko likiwa limewaka saa moja, weka kiganja upande wa pili wa ukuta. Ukishindwa kukiacha hapo, sogeza jiko leo, usingoje kesho.

Katika Mji wa Kale na Lamu vichochoro vingi havipitishi gari la zimamoto, na kuta za jirani zinagusana. Uzembe wa nyumba moja hulipwa na mtaa mzima. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta; na ukuta wa jikoni, ukishaungua, hauungui peke yake.