Je, Wajua? Dar es Salaam Hadi Unguja kwa Ndege
Kutoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, hadi ule wa Abeid Amani Karume, Unguja, ni kilomita 73 hivi kwa mstari ulionyooka kuelekea kaskazini. Ndege ndogo aina ya Cessna Caravan, yenye injini moja na pangaboi puani, huruka kwa kasi ya kilomita 300 hivi kwa saa. Ukijumlisha kupaa na kutua, safari huchukua takriban dakika 20. Ndege ya jeti haiokoi muda mwingi, kwani huanza kushuka kabla ya kufikia kasi yake kamili. Boti ya mwendo kasi hutumia karibu saa 2.