Imani Baada ya Matanga

Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 6 Mei 2017, basi dogo la Shule ya Msingi Lucky Vincent ya jijini Arusha liliacha njia na kutumbukia korongoni eneo la Rhotia, wilayani Karatu. Lilikuwa limebeba wanafunzi wa darasa la saba waliokuwa wakienda kufanya mtihani wa kujipima pamoja na wenzao wa shule nyingine. Walifariki watu 35: wanafunzi 32, walimu 2 na dereva. Watoto 3 walionusurika walipelekwa Marekani kutibiwa, wakarudi nyumbani Agosti mwaka huohuo. Siku mbili baada ya ajali, majeneza yalipangwa katika Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, na Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, akaungana na maelfu ya waombolezaji. Viongozi wa dini za Kikristo na Kiislamu waliomba mbele ya majeneza hayohayo.

Arusha inakumbuka siku ile. Kisichokumbukwa sana ni miezi iliyofuata, pale mzazi anapoamka saa kumi na moja alfajiri kuchemsha chai ya mtoto wa shule, akafika jikoni, kisha akakumbuka. Hapo hakuna uwanja uliojaa watu, hakuna kwaya wala kisomo, na swali alilolinyamazia mbele za watu linamrudia: Mungu alikuwa wapi?

Katika kazi ya ushauri nasaha swali hilo huja mara nyingi, na mara nyingi muulizaji hulisema kwa sauti ya chini, kana kwamba anaungama dhambi. Ninaamini si dhambi. Imani ya mfiwa hukomaa anaporuhusiwa kulia, kuuliza na hata kumlalamikia Mungu wake, huku watu wakiendelea kukaa naye muda mrefu kuliko siku za matanga. Anayenyamazishwa, au anayeachwa peke yake na swali lake, ndiye anayepata shida kubwa zaidi.

Msiba wetu unavyobeba watu

Tuanze na tunachokifanya vizuri. Mtu akifariki kwenye miteremko ya Mlima Meru, iwe Akheri, Nkoaranga, Poli au Ilboru, habari haijamaliza saa moja majirani wameshafika. Kikundi cha kufa na kuzikana kinaleta turubai, viti na sufuria. Vijana wanachimba kaburi, mara nyingi palepale nyumbani, kando ya migomba. Daftari la rambirambi linafunguliwa, na kila anayetoa elfu mbili au laki moja anaandikwa. Mfiwa haulizwi atawalisha nini watu. Kazi yake ni moja tu, kuomboleza.

Kwa upande wa Waislamu, kuna kisomo na hitma, na mjane anakaa eda ya miezi minne na siku kumi. Wakristo wengi wana ibada ya shukrani baada ya mazishi, na familia nyingi za dini zote hukumbuka arobaini. Taratibu hizi zina hekima kubwa. Zinampa mfiwa muda, zinampa watu, na zinampa maneno pale ambapo yake yameisha.

Tatizo huanza turubai linapoondolewa. Akina mama wanamaliza kuosha vyombo, mweka hazina anasoma hesabu ya michango, ndugu wa Dar es Salaam wanawahi basi. Wiki inayofuata simu zinapungua. Mwezi wa pili, watu wanaanza kumwambia mfiwa kwamba sasa inatosha, arudi katika hali yake. Na huo ndio wakati ambao mwili na akili vinaanza kuelewa kwamba aliyeondoka harudi.

Moyo wa mfiwa unavyofanya kazi

Wengi wamesikia kwamba majonzi yana hatua tano: kukataa, hasira, kujadiliana, huzuni kuu na kukubali. Maelezo hayo yalitolewa na daktari Elisabeth Kübler-Ross mwaka 1969, baada ya kuzungumza na wagonjwa waliokuwa wakikikabili kifo chao wenyewe. Baadaye yakatumiwa kwa wafiwa kana kwamba ni ngazi ambayo kila mtu lazima aipande. Si hivyo. Kuna asiyepata hasira kabisa, na kuna aliyekubali mwezi wa kwanza akaja kukataa mwezi wa nane. Mfiwa asijipime kwa hatua hizo wala asipimwe nazo.

Maelezo yaliyo karibu zaidi na tunachokiona ni ya watafiti wa Uholanzi, Margaret Stroebe na Henk Schut, waliyoyachapisha mwaka 1999. Wanasema mfiwa hupishana kati ya kazi mbili. Ya kwanza ni kuuelekea msiba: kulia, kukumbuka, kutazama picha, kwenda kaburini. Ya pili ni kuyaelekea maisha: kulipa ada, kujifunza kazi alizokuwa akizifanya marehemu, kucheka kidogo na jirani.

Mchukue mjane anayeuza ndizi soko la Tengeru siku ya Jumatano. Asubuhi anabishana na mteja kuhusu bei ya mkungu, anatoa chenji, anamtania mwenzake wa meza ya pili. Mchana anapita mwanamume aliyevaa shati linalofanana na la mumewe, machozi yanamtoka mbele ya watu. Saa moja baadaye anapakia mizigo yake kwenye daladala. Anayemtazama anaweza kudhani amesahau mapema mno, au kwamba hajapona kabisa. Kumbe kupishana huko ndiko kupona kwenyewe. Anayebaki upande mmoja tu, akilia bila kupumzika au akikimbilia kazi bila kulia kamwe, ndiye wa kuangaliwa kwa karibu.

Watafiti wengine, wakiongozwa na Dennis Klass, walionyesha mwaka 1996 kwamba mfiwa halazimiki kukata uhusiano na marehemu ili aendelee na maisha. Uhusiano hubadilika sura. Kumtaja kwa jina, kupanda mti aliokuwa akiupenda, kumsomesha mdogo wake, hayo hayamzuii mtu kupona. Mila zetu za kumpa mjukuu jina la babu zililijua hilo zamani.

Kukomaa kunakotokana na hasara

Wanasaikolojia Richard Tedeschi na Lawrence Calhoun wa Marekani wamechunguza kwa miaka mingi mabadiliko mema ambayo baadhi ya watu huyasimulia baada ya janga. Wanayaweka katika maeneo matano: uhusiano wa karibu zaidi na watu, njia mpya maishani, kujitambua kuwa na nguvu, kuthamini uhai, na kukua kiroho. Lakini wanasisitiza kwamba chanzo cha kukomaa huko si kifo chenyewe. Chanzo ni mapambano ya mtu na yale aliyoyaamini kabla. Aliamini kwamba anayesali hapatwi na baya, au kwamba mzazi hamziki mtoto. Msiba unazibomoa imani hizo. Mwanzoni mawazo yanamvamia bila kualikwa, usiku na mchana. Baada ya muda, akipata mtu wa kumsikiliza, anaanza kuyachagua mwenyewe mawazo yake, kuyapanga na kuyasimulia, na polepole anajenga uelewa unaoweza kubeba uzito wa kilichotokea.

Kukomaa huko hakuufuti uchungu, na si wajibu wa mtu yeyote. Baadhi ya watafiti pia wanatukumbusha kwamba vipimo vingi hutegemea maelezo ya mhusika mwenyewe. Kwa hiyo tusimwambie aliyefiwa wiki iliyopita kwamba Mungu anataka kumfundisha kitu. Kama kuna fundisho, ataligundua yeye kwa wakati wake.

Historia ya Meru ina mfano wa jamii nzima. Novemba 1951 serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwaondoa Wameru karibu 3,000 katika ardhi yao ya Engare Nanyuki ili kuwapisha walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa na mifugo ikapotea. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri hadi New York akaeleza madai ya watu wake mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, akisaidiwa na mwanasheria Earle Seaton. Ardhi haikurudishwa wakati huo. Hata hivyo kesi ile iliwaamsha Watanganyika wengi kisiasa kabla ya TANU kuundwa mwaka 1954. Wameru walipata sauti bila kuipata ardhi yao wakati huo. Hasara haikugeuka kuwa faida. Watu walikua huku wakiwa bado na kidonda.

Kuuliza si kukufuru

Msibani tuna maneno tuliyozoea: “Kazi ya Mungu haina makosa.” “Sisi tulimpenda, Mungu amempenda zaidi.” “Jikaze, wewe ni mwanaume.” Yakitoka kinywani mwa mfiwa mwenyewe, maneno mawili ya kwanza yanaweza kuwa ungamo la imani lenye nguvu. Yakisemwa na mgeni ili kuyakatisha machozi, yanafunga mlango. Mama aliyempoteza mtoto wa miaka 13 akiambiwa kwamba Mungu amempenda zaidi, anaweza kubaki akijiuliza kama Mungu alishindana naye.

Maandiko yetu hayana haraka hiyo. Ayubu anakumbukwa kwa kukubali kwake mwanzoni, lakini sehemu kubwa ya kitabu chake chenye sura 42 ni malalamiko na mabishano. Marafiki zake walifanya vizuri siku saba za kwanza, walipokaa naye chini bila kusema neno. Walikosea walipoanza kumweleza kwa nini amepatwa. Yesu alilia kwenye kaburi la Lazaro. Qurani inasimulia jinsi Nabii Yaqub alivyohuzunika kwa ajili ya Yusuf hadi macho yake yakawa meupe, naye akapeleka huzuni yake kwa Mwenyezi Mungu. Mtume Muhammad alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe mchanga, Ibrahim. Hakuna hata mmoja kati ya hawa aliyehesabiwa kuwa na imani haba kwa sababu ya machozi yake.

Utafiti nao una la kutuonya. Kenneth Pargament na wenzake waliwafuatilia wagonjwa karibu 600 wa umri wa miaka 55 na zaidi nchini Marekani kwa takriban miaka miwili, wakachapisha matokeo mwaka 2001. Waliohisi kwamba Mungu amewaacha, au waliouona ugonjwa kuwa kazi ya shetani, walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa, hata baada ya hali zao za afya kuzingatiwa. Utafiti huo hausemi kwamba maswali yanaua. Unatuonyesha kwamba mtu anayepambana na Mungu wake anahitaji mwenzake wa kukaa naye kwenye pambano hilo. Huyo anaweza kuwa mchungaji, shehe, katekista, mzee wa kanisa au rafiki asiyeogopa ukimya.

Tusiwasahau watoto

Mtoto aliyefiwa na mzazi mara nyingi hutumwa kwa jirani acheze, kisha akaambiwa baba amesafiri. Anasubiri. Akija kujua ukweli, anakuwa amefiwa na amedanganywa. Mwambie ukweli kwa maneno yanayolingana na umri wake, na umrudie tena akiuliza.

Watafiti waliofanya kazi Tanzania, upande wa Kilimanjaro, na Kenya, upande wa Bungoma, waliwafunza watu wa kawaida wasiokuwa wataalamu wa afya ya akili kuwahudumia kwa vikundi watoto wa miaka 7 hadi 13 waliofiwa na wazazi. Watoto 640 walishiriki, na matokeo yakachapishwa mwaka 2020. Katika maeneo matatu kati ya manne ya utafiti huo, dalili za kiwewe zilipungua zaidi kwa watoto waliopata tiba hiyo kuliko kwa wenzao waliopata huduma za kawaida. Hii ina maana kwamba mwalimu wa madrasa au wa shule ya Jumapili, akifunzwa na kusimamiwa vizuri, anaweza kuwa msaada wa kweli.

Lini tutafute mtaalamu

Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, linatambua majonzi ya muda mrefu kuwa tatizo la kiafya. Dalili zake ni shauku kali ya kuwa tena na marehemu au kumfikiria bila kukoma kwa zaidi ya miezi sita, pamoja na uchungu unaomzuia mtu kufanya kazi, kulea au kuishi na wenzake, kupita kiasi kinachotarajiwa katika mila na dini yake. Mwenye dalili hizo aende hospitali, kwa mfano Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru, aeleze wazi kwamba amefiwa na hajiwezi. Anayesema anataka kumfuata marehemu asiachwe peke yake, na apelekwe siku hiyohiyo. Dawa na sala hazigombani.

Daftari la pili

Pendekezo langu kwa vikundi vya kufa na kuzikana, jumuiya na misikiti ni kuwa na daftari la pili. La kwanza linaandika fedha. Hili liandike ziara: nani atakwenda mwezi wa pili, nani wa nne, nani wa sita. Liandike pia siku ngumu za familia hiyo, kama Krismasi, Idi, siku ya kuzaliwa ya marehemu, na kwa waliopoteza mwanafunzi, siku ya matokeo ya mtihani. Anayekwenda asibebe hotuba. Amtaje marehemu kwa jina, aombe kusimuliwa habari zake, asaidie kazi iliyopo, kisha aulize kama mfiwa angependa kuomba pamoja naye. Akikataa leo, arudi mwezi ujao.

Wapo wafiwa watakaosema, baada ya mwaka au mitano, kwamba walimjua Mungu zaidi katika msiba kuliko katika raha. Wapo watakaobaki na swali bila jibu na bado wakaendelea kusali. Wote wana imani, na wote wanahitaji watu. Kwa hiyo mfikirie mtu mmoja unayemjua aliyezika miezi mitatu iliyopita na ambaye hujamwona tangu siku ile. Nenda kwake wiki hii.