Saratani ya Mdomo na Koo: Mchango Umepatikana, Sasa Mgonjwa Atakula Nini?

Ndugu wanakikundi, kuchanga tunajua sana. Mwenzetu akipatikana na saratani ya mdomo au ya koo tunafanya harambee, nauli inapatikana, naye anapelekwa Nairobi, Eldoret au Nakuru. Hapo wengi wetu huona kazi imekwisha. Kumbe ndiyo inaanza! Wako wagonjwa wanaoacha matibabu katikati, na si kwa kukosa pesa tu. Mdomo umejaa vidonda, chakula hakipiti, na watu wa nyumbani wanasema, "Hiyo dawa ndiyo inamuua." Basi tuelewe kinachotokea, ili tumsaidie amalize.

Kwa nini dawa inaumiza?

Saratani ni chembe za mwili zinazozaana ovyo. Kemo, ile dawa ya dripu, huua chembe zinazozaana haraka. Lakini dawa haichagui. Ngozi ya ndani ya mdomo, tumbo, na uboho unaotengeneza damu pia vina chembe za namna hiyo, kwa hivyo navyo huguswa. Wagonjwa wengi wa mdomo na koo hupewa dawa iitwayo sisplatini pamoja na kuchomwa kwa mionzi, siku 5 kwa wiki, kwa wiki 6 au 7. Vidonda mara nyingi huanza wiki ya pili au ya tatu, na hupona wiki kadhaa baada ya tiba kwisha. Ni vibaya kukatiza: siku zikirukwa, saratani hupata nafasi ya kuota tena.

Kutunza mdomo

Chemsha lita 1 ya maji, tia kijiko kimoja kidogo cha chumvi, yaache yapoe. Mgonjwa asukutue kila baada ya saa mbili au tatu, kisha ateme. Usitie magadi, yanachoma. Atumie mswaki laini wa dukani, si kijiti. Pombe, sigara, miraa, pilipili na ndimu aviache kabisa. Maumivu yakizidi, amwambie daktari. Akiandikiwa mofini asiiogope, humsaidia kumeza. Asijinunulie dawa za maumivu dukani wala kunywa miti shamba bila kuuliza, kwa maana nyingine huharibu figo, na sisplatini yenyewe huzisumbua figo.

Chakula

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Huyu wetu aulizwe! Muulize leo nini kinapita. Uji wa wimbi wenye maziwa, mayai yaliyoiva vizuri na kupondwa, parachichi, ndizi mbivu, viazi vilivyopondwa na kulainishwa kwa supu, vyote hufaa. Kiwe vuguvugu, kidogo kidogo, mara 6 au zaidi kwa siku. Maziwa yachemshwe. Kama daktari anataka kumwekea mpira wa kulishia, msikatae. Huo mpira si dalili ya kifo. Ni njia ya kumtia nguvu mpaka koo lipone.

Kutapika

Dawa ya kuzuia kutapika imezwe kwa saa iliyoandikwa, asingoje mpaka aanze kutapika. Anywe maji mara kwa mara, kadiri alivyoambiwa hospitalini. Maji yasipokaa tumboni siku nzima, au mkojo ukipungua, arudishwe. Masikio yakivuma, au vidole vikifa ganzi, asinyamaze. Daktari anaweza kupunguza dawa au kuibadilisha.

Homa ni dharura

Kemo hupunguza nguvu ya damu kupigana na vijidudu. Kipimajoto kikionyesha 38 au zaidi, au akitetemeka kwa baridi, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Msimpe dawa ya homa mkangoja asubuhi. Mwambieni daktari wa zamu mara moja kwamba mgonjwa yuko kwenye kemo.

Kikundi kifanye nini?

1. Hakikisheni mgonjwa amesajiliwa SHA, ambayo ilichukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024.
2. Tengeni sehemu ya mchango kwa maziwa, mayai na nauli ya kila wiki. Msimalize zote siku ya kwanza.
3. Nunueni kipimajoto, na muandike namba ya simu ya wodi ukutani.
4. Pangeni zamu: nani anasaga uji, nani anamsindikiza, na nani ana gari au pikipiki ya usiku.
5. Mwenye mafua asiende kumwona. Wengine wanawe mikono kwanza.
6. Zamu ziendelee hata baada ya siku ya mwisho ya mionzi, kwa sababu wiki chache zinazofuata mdomo bado unauma na mgonjwa bado hawezi kula vizuri.

Katika mkutano wenu ujao, kabla ya kufunga, someni orodha hii kwa sauti na muandike jina la mtu mbele ya kila kazi.