Seli Inayonakili Bila Kugawanyika

Muulize mwanafunzi yeyote wa baiolojia hapa chuoni seli ya mwili wa binadamu ina kromosomu ngapi. Atakujibu 46 kabla hujamaliza swali. Sawa, lakini ndani ya mifupa yako wewe unayesoma hapa zimo seli zenye 368, na wala huumwi.

Tumekaririshwa kwamba seli ikinakili DNA lazima igawanyike. Kumbe zipo zinazonakili, zikafika mlangoni pa kugawanyika, zikageuza kwenda kunakili tena. Kazi hii inaongozwa na protini ziitwazo saiklini: moja huwasha kunakili, nyingine kugawanyika. Hiyo ya pili ikizimwa, seli inabaki moja. Ila ya kwanza nayo haiwezi kukaa juu muda wote, maana DNA hupata kibali cha kunakiliwa upya pale tu inaposhuka. Basi inapanda, inashuka, inapanda tena, na kila raundi DNA inakuwa maradufu.

Mfano mmoja ni buu la nzi wa matunda. Seli za tezi zake za mate hunakili mara kumi hivi, na nakala zaidi ya elfu moja hulala ubavu kwa ubavu kama nyuzi za kamba. Kamba hiyo ni nene kiasi kwamba michirizi yake unaiona kwa darubini ya kawaida ya maabara. Balbiani aliiona mwaka 1881 kwa mabuu ya wadudu wengine. Ikapita miaka 50 hivi ndipo ikaeleweka kuwa ni kromosomu.

Sasa tuje kwetu. Kwenye uboho kuna megakaryosaiti. Mbinu yao ni tofauti kidogo: huanza kabisa kugawanyika, halafu huishia njiani. Wanachotafuta ni ukubwa, kwa sababu kila moja humegeka kuwa maelfu ya chembe sahani, zile zinazoziba jeraha. Hizo huishi siku 7 hadi 10 tu, kwa hiyo mwili hutengeneza bilioni 100 hivi kila siku. Waliouguza mtu wa dengue Dar es Salaam mwaka 2019 wanajua presha ya kusubiri kipimo cha chembe hizo, maana ugonjwa ule huzishusha.

Chembe sahani zenyewe hazina kiini. Kromosomu zote zile huachwa kwenye uboho, na seli nyingine huja kuzimeza.